Namna ya Kupiga Filamu ya Kanisa Kuu la Kihistoria Ukiwa Singida, Bila Kufika Unguja

Ndugu mtayarishaji, hongera. Skripti imekamilika. Ni Unguja, Krismasi ya mwaka 1877: kanisa jipya Mkunazini, mmisionari wa Kiingereza mwenye ndevu, binti aliyekombolewa utumwani, na Sultani anayetazama yote kutoka dirishani. Machozi yapo, historia ipo. Kinachokosekana ni hela, na hela anayo mtu mmoja tu: mjomba wako, mkamuaji wa mafuta ya alizeti pale Singida mjini, ambaye ametoa masharti mawili. La kwanza, filamu ipigwe Singida, maana "na sisi makanisa tunayo." La pili, na yeye aonekane.

Usikate tamaa. Ukinifuata hatua kwa hatua, utaondoka Singida na filamu ya Zanzibar mkononi, mjomba ameridhika, na boti ya Unguja hujaipanda hata mara moja.

Hatua ya kwanza: Tuliza dhamiri

Tunaanza na dhamiri kwa sababu haina gharama. Atatokea mtu, na mara nyingi ni shemeji aliyesoma, atakuambia kwamba kuonyesha kanisa la Singida na kuliita la Mkunazini ni uongo. Msikilize kwa adabu, kisha mtajie Lincoln.

Mwaka 2005 watengenezaji wa The Da Vinci Code walitaka kupiga picha ndani ya Westminster Abbey, London. Wakakataliwa, kwa maelezo kwamba kitabu chao hakisimami kiteolojia. Wakafungasha vyombo wakaenda Lincoln, mji mwingine, kanisa kuu jingine kabisa. Huko wakapokewa, na iliripotiwa kwamba pauni 100,000 ziliingia kanisani. Mtawa mmoja alipiga magoti nje akasali kupinga jambo lile. Ndani kamera zikaendelea. Filamu ilipotoka mwaka 2006, watu dunia nzima waliitazama Lincoln wakaiona Westminster.

Shemeji akibisha, mwongeze. Kanisa kuu la Ely limecheza Westminster Abbey katika The Crown, na la Winchester likacheza St Paul's. Durham, lililoanza kujengwa mwaka 1093, limekuwa shule ya wachawi katika Harry Potter, kisha likawa makao ya miungu ya Kiskandinavia katika Avengers: Endgame, na ibada za jioni zinaendelea kama kawaida. Mfaransa Jean-Jacques Annaud, alipotengeneza filamu ya moto wa Notre-Dame iliyotoka mwaka 2022, aliwapeleka zimamoto wake Bourges na Sens, kwa kuwa mwenye jina alikuwa bado anauguza majeraha.

Kwa hiyo tulia. Katika biashara hii kanisa kuu halichezi nafsi yake. Linachezwa na kanisa la jirani lenye paa linalovuja.

Hatua ya pili: Chagua kanisa, achana na uzee

Usizunguke mkoa mzima ukitafuta jengo la karne ya 19. Jimbo Katoliki la Singida lenyewe limeundwa mwaka 1972, na Kanisa Kuu lake ni la Moyo Mtakatifu wa Yesu. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani waliingia Iramba miaka ya 1920, na walichoacha kikajulikana zaidi Kiomboi ni hospitali. Kilimatinde, kule Manyoni, pana uzee wa kweli: njia ya misafara ya Tabora ilipita pale, na Wajerumani walipafanya kituo chao juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ni pazuri mno. Ila ni mbali na mashine ya mjomba, na mjomba anataka kupita lokesheni kila siku baada ya chakula cha mchana. Futa Kilimatinde.

Utashawishika kukimbilia Dar es Salaam, kwa Mtakatifu Yosefu. Ni kweli, lile limejengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, lina mnara uliochongoka na madirisha marefu ya vioo vya rangi. Ukilitazama tu unajisikia umekosea ukaenda Ulaya. Lakini jaribu kuinua kamera juu ya mnara. Unakutana na maghorofa ya vioo yamesimama nyuma yake na viyoyozi vyake. Ukiishusha, unakutana na bajaji. Ukisema "kimya, tunarekodi," pantoni ya Kigamboni inapiga honi. Watu wa Dar wanaishi na uzee halisi na hawapati hata sekunde kumi za kuupiga picha.

Wewe huna shida hiyo. Uzee wa jengo kwenye filamu unatengenezwa kwa vitu vitatu: giza, vumbi na msimulizi mwenye sauti nzito. Msimulizi utamlipa. Giza litaletwa na umeme ukikatika. Vumbi, karibu Singida.

Chagua basi kanisa lolote lenye ukuta mnene upande mmoja. Upande mmoja unatosha. Pande nyingine tatu ni za watu wenye bajeti.

Hatua ya tatu: Neno "filamu" liache getini

Kwa upande wa Serikali sina njia ya mkato. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, kuna Bodi ya Filamu, kuna fomu, kuna ada. Lipa. Aliyekuambia anamjua mtu pale ndani anaijua simu yako tu.

Kwa upande wa kanisa, hapo sasa tuongee. Ukifika parokiani ukasema "Baba, tunataka kupiga filamu," kichwani mwa Baba Paroko inaanza kuchezwa bongo muvi: mtu analia getini, mwingine anamwagiwa soda usoni, mganga anatokea kwenye moshi. Umeshakataliwa, ila kwa kuwa ni mtu wa Mungu atakupa kwanza chai. Kwa hiyo hupigi filamu. Unaandaa *makala*. Makala ni neno lenye suti. Makala haina mapenzi, haina mganga, na ina uwezekano wa kuonyeshwa mbele ya Baba Askofu.

Mazungumzo yaende hivi:

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele, amina. Karibuni, karibuni. Ninyi ndio wale wa televisheni?"

Usikubali, usikatae. Kaa.

"Baba, tunaandaa makala kuhusu mchango wa Kanisa katika kukomesha utumwa."

"Singida?"

"Kwa ujumla, Baba."

Hilo "kwa ujumla" lishike vizuri, litakufaa mpaka siku ya uzinduzi.

Baba Paroko, kama amesoma vizuri seminari, atakutajia Kanuni 1210 ya Sheria za Kanisa: mahali patakatifu panaruhusiwa yale tu yanayohudumia ibada na dini, na matumizi mengine, yasiyopingana na utakatifu wa mahali, ruhusa yake hutolewa na askofu, kwa tukio hilo hilo tu. Usishtuke. Maana yake ni barua. Iandike ndefu, weka nembo, na nakala uipeleke kwa kila mtu mwenye cheo kuanzia Makamu wa Askofu mpaka mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Mtu aliyepewa nakala hujiona ameshirikishwa, na aliyeshirikishwa hapingi. Huo ndio utawala wa nchi yetu kwa ufupi.

Andaa skripti mbili. Ya kwanza ni ya parokia: mmisionari anamfundisha binti kusoma. Ya pili ni yako: mmisionari anamfundisha binti kusoma, na taa inazimika. Hakikisha zina jalada la rangi tofauti.

Na usiseme "kukodi kanisa." Kanisa halikodishwi. Uliza kwa upole kama kuna ujenzi wowote unaoendelea. Upo. Tangu nchi hii ipate uhuru hakuna parokia iliyowahi kukosa ujenzi: kama si ukumbi ni uzio, kama si uzio ni nyumba ya masista. Ukiambiwa umefikia kwenye bati, uliza zimepungua ngapi, kisha nyamaza uandike. Namba uliyoiandika ndiyo kodi, na wote mmebaki watu safi.

Hatua ya nne: Livue kanisa karne moja na nusu

Sasa mko ndani. Baba Paroko ameiondoa Ekaristi kwa heshima na kuipeleka kwingine, mlango umefungwa, na mwaka ni 1877. Tazama juu: feni sita. Tazama pembeni: spika mbili kubwa, moja imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kwenye nguzo kuna bango la maadhimisho, ratiba ya misa, na tangazo la semina ya wanandoa. Altareni kuna maua ya plastiki ambayo mama mmoja aliyatoa kama shukrani, naye atakuja kuangalia kama bado yapo.

Gloucester waliyapitia haya haya. Walipoligeuza kanisa lao kuu kuwa shule ya Harry Potter, ilibidi mitambo ya umeme na alama zote za kisasa zifichwe, na hata mawe ya makaburi yaliyo sakafuni yafunikwe. Wao walikuwa na kampuni kutoka Hollywood. Wewe una kanga, na kanga inafunika chochote. Bandika moja juu ya spika, weka mshumaa mbele yake, na mtazamaji atadhani ni mila.

Kitu kimoja tu usikiguse kabla ya kuomba ruhusa: ile karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa sakristia, yenye majina ya jumuiya ndogondogo na mbele ya kila jina michango ya ujenzi. Imechorwa kwa rula, iliyolipwa kwa wino wa bluu, inayodaiwa kwa wino mwekundu. Ukiibandua dakika tano tu, habari itafika sokoni kwamba madeni yamefutwa. Ipige picha kwanza, ibandue mbele ya katekista, irudishe mbele ya katekista.

Nguzo. Kanisa la Mkunazini lina nguzo ambazo kila mtembeza watalii wa Unguja huzionyesha kwa kidole: inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini, miguu juu, wakati Askofu Edward Steere amesafiri, na aliporudi akaamua zibaki hivyo hivyo. Huwezi kukwepa nguzo hizo, maana ndicho kitu pekee ambacho kila aliyewahi kufika pale anakikumbuka. Nunua mabomba ya plastiki ya inchi sita, yapake chokaa, yasimamishe. Kisha yapindue. Mjuzi akiona zimepinduliwa atasema, "Hawa wamefanya utafiti." Hatatazama tena kama ni plastiki.

Paa usilipige picha kamwe. Steere alifunika kanisa lake kwa zege lililochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, tao refu moja kutoka ukuta hadi ukuta, na wapo walioapa kwamba litawaangukia. Limesimama mpaka leo. Lako ni la bati, na mvua ikinyesha hata mwigizaji aliye mbele yako humsikii.

Ukuta wa Mkunazini ni wa matumbawe, wa Singida ni wa tofali au wa mawe magumu ya hapa hapa. Tofauti hiyo inaonekana kwa jicho la mtu aliyesimama. Kamera yako isisimame.

Hatua ya tano: Bahari

Huwezi kuwa na Zanzibar bila bahari, na Singida, kwa fadhili za Muumba, mna Ziwa Singidani. Maji yake yana chumvi, kwa hiyo hata kwenye uongo huu unakuwa mkweli nusu. Piga picha asubuhi, lenzi ikitazama maji matupu. Ukisogeza kidogo kushoto yanaingia mawe makubwa yaliyopandana, na Forodhani ya Unguja haina mawe hayo. Ukisogeza kulia wanaweza kuingia heroe. Heroe wakiingia usipige kelele, mwambie mhariri aandike "ndege wa pwani."

Upepo ndio adui yako wa kweli. Singida ina upepo ambao wataalamu wa umeme wamekuwa wakiupigia hesabu kwa miaka, na kwenye kinasa sauti unasikika kana kwamba lori limepaki ndani ya koo la mwigizaji. Suluhisho ni moja: acha sauti yote, utakuja kudabu baadaye chumbani, chini ya blanketi. Kanzu zipeperuke, nywele zipeperuke, midomo icheze. Watu watasema umepiga picha kishairi.

Kuhusu droni, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kuna Wizara ya Ulinzi, na zote mbili zitataka kujua unataka kuona nini kutoka juu. Panda jiwe. Singida mjini jiwe la kupanda halikosekani, ni bure, na halihitaji chaji. Angalia tu usiishushe kamera upande wa mashamba kama ni msimu wa maua. Zanzibar ya mwaka 1877 ilikuwa na karafuu. Heka kumi za alizeti zilizogeuza shingo zote mashariki hazielezeki hata kwa sauti nzito.

Hatua ya sita: Sultani

Umefika kwa mjomba. Umpe nafasi gani? Askofu hawezi, maana hatakubali kunyoa upara. Mtumwa hawezi, kwa sababu za kitambi. Anabaki Sultani Barghash bin Said, na bahati nzuri kwako ni kwamba historia inamhitaji kweli. Barghash ndiye aliyetia saini mkataba wa Juni 1873 uliofunga masoko ya watumwa, na ndiye anayesimuliwa kwamba alilipa kanisa la Mkunazini saa yake ya mnarani, kwa sharti mnara usiizidi kimo nyumba yake. Sultani aliyetoa saa: mjomba atalipenda jambo hilo kabla hujamaliza sentensi.

Joho utalikodi kwa wanaokodisha majoho ya mahafali, na kofia uigeuze kilemba. Kuhusu saa, jiandae. Mjomba atakuja na saa yake mwenyewe, ya ukutani, ya plastiki, yenye ua la alizeti katikati na namba ya simu ya mashine chini. Usibishane naye. Mpige picha akiikabidhi kwa mbali, kutoka nyuma, machweo. Ile itakayoonekana karibu, yenye namba ya simu inayosomeka vizuri, iweke mwishoni kabisa kwenye shukrani, ibaki sekunde nane. Atadhani ndicho kilele cha filamu, na kwa upande wa fedha hajakosea.

Hatua ya saba: Waumini na kwaya

Watu wa kujaza mabenchi utawapata bure baada ya misa ya pili, mradi ulitangaze jambo mapema kwenye matangazo ya kanisa. Uliwaambia waje na kaniki na nguo za zamani. Watakuja na vitenge vipya vya sare ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, nywele zimesukwa jana, na mmoja amenunua miwani. Hakuna mwanadamu atakayevaa kaniki mbele ya kamera wakati ana kitenge kipya kabatini. Wakae. Washa mshumaa mmoja, zima mengine yote. Giza halibagui kitenge.

Kwaya ni suala jingine. Kwaya haiji kuigiza, inakuja kurekodi. Wana nyimbo nane, sare tatu na kinanda, na wana uzoefu wa kamera kukuzidi: wamesharekodi juu ya mawe, kando ya ziwa, kwenye bustani ya ofisi ya serikali na mbele ya basi jipya. Mwenyekiti wao atakuuliza utawapiga kwa pembe ngapi. Ukimwambia mwaka 1877 kinanda cha umeme hakikuwepo, atakuuliza kama mwaka 1877 kamera yako ilikuwepo. Hapo huna jibu. Rekodi wimbo mmoja mzima kwa namna wanavyotaka wao, kwa sare wanayotaka, kisha uombe sekunde ishirini za kuimba bila ala, wamesimama gizani. Biashara imekwisha.

Hatua ya nane: Kipande cha makala, na jinsi ya kumnyamazisha mzee

Uliahidi makala, na makala ni lazima kidogo ionekane. Kwa bahati nzuri kanuni zake ni chache. Mtangazaji atembee polepole akigusa ukuta. Aseme "kuta hizi zingeweza kuzungumza." Kisha ashuke mahali penye giza na ashushe sauti.

Hilo la kushuka ni la muhimu. Kila makala ya Mkunazini inashuka kwenye vyumba vilivyo chini ya jengo la Mtakatifu Monika, jirani na kanisa, mtangazaji anainama, ananong'ona kwamba humu walifungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Wanahistoria wamekuwa wakikumbusha kwamba jengo lile lilijengwa na wamisionari wenyewe kama hospitali, na soko la watumwa lililokuwa pale lilikuwa limeshafungwa tangu 1873. Lakini mnong'ono ukishaingia kwenye televisheni hautoki. Unyama wa soko lile ulikuwa mkubwa kiasi kwamba haukuhitaji kuongezewa chumba. Hata hivyo wapiga picha walihitaji ngazi. Wewe tumia stoo ya mahindi ya parokia. Ondoa magunia. Nong'ona.

Mwisho tafuta mzee wa kuhojiwa. Kila makala ina mzee, anakaa kwenye kiti cha uvivu, nyuma yake pana mti. Mwamkie vizuri, mpe maji, na umwambie wazi unachotaka aseme: misafara, minyororo, pwani. Atakubali. Kisha utawasha kamera na ataanza kuongea mambo ya Singida.

Kuwa macho hapa, ndipo watayarishaji wengi huharibikiwa. Mzee atakwambia habari za Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye inasimuliwa aliwatuma nyuki wakawatimua askari wa Kijerumani. Ndiye huyo uwanja wa mpira wa mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, ulipewa jina lake. Nyuki! Mwanamke! Wajerumani wanakimbia porini wakivua kofia! Utaona mpigapicha wako anaanza kusogeza stendi karibu bila kuambiwa. Mkanyage mguu.

Mzee hatanyamaza. Atafika kwa Stanley, mpelelezi. Atakwambia Mzungu yule alipita hapa Januari 1875, na kijana wake wa Kiingereza, Edward Pocock, akafia Chiwyu tarehe 17 ya mwezi huo kwa homa, katika nchi ya Wanyaturu. Akazikwa chini ya mgunga mzee, na ndugu yake Frank akachonga msalaba kwenye shina. Siku chache baadaye, Vinyata, Wanyaturu na msafara ule wakapigana vita vya siku kadhaa, na Stanley akazika watu wake wengi na kuchoma vijiji.

Unaona hatari yake. Ndani ya mfuko wako una msalaba mwingine, ule wa Mkunazini, unaosemekana ulichongwa kwa mti uliosimama pale ulipozikwa moyo wa mmisionari Livingstone, kule Chitambo, na umeshamlipa fundi seremala wa Singida akutengenezee wa bandia. Huyu mzee anakwambia kuna kisa cha mti wenye msalaba na kaburi la Mzungu, kiko katika nchi yenu wenyewe, hakijawahi kuigizwa, na hakihitaji bahari wala bomba la plastiki. Ukimsikiliza dakika tano zaidi itabidi uandike skripti upya. Itabidi uwatafute Wanyaturu waigize Wanyaturu, na kwa bei gani? Nani atanunua filamu ya Singida iliyopigwa Singida?

Mshukuru. Mwambie betri imekwisha. Mpe sukari kilo mbili na sabuni, shikamoo tena, ondoka. Kwenye uhariri bakiza pale aliposema "zamani watu waliteseka," na chini uandike: *Mkazi wa Mji Mkongwe.*

Hatua ya tisa: Uzinduzi

Juu ya picha ya kwanza andika "Zanzibar, 1877." Usiandike "kisa cha kweli." Andika "imechochewa na matukio ya kweli," maana hakuna mahakama iliyowahi kupima uchochezi wa aina hiyo.

Onyesho la kwanza lifanyike ukumbi wa parokia, kwa genereta ya kuazima. Waalike wote wa nakala. Utaogopa kwamba watu watalitambua kanisa lao. Watalitambua tangu sekunde ya pili, na watapiga makofi. Maandishi ya Zanzibar yatapita na hakuna atakayeyasoma, kwa sababu kila mtu anatafuta benchi alilokaa. Mama wa miwani atajiona mara mbili na ataomba irudishwe nyuma. Yule wa maua ya plastiki atasema kwa sauti, "Maua yangu yako wapi?" Zamu ya Sultani ikifika, ukumbi mzima utamwita mjomba kwa jina lake, naye atasimama gizani na kupunga mkono.

Baba Paroko atakuwa ameona taa ikizimika kwenye onyesho la binti. Atakuita pembeni. Mwambie umeme ulikatika. Ataamini, anaishi hapa. Kisha, kabla hajauliza la pili, mkumbushe kwamba zile bati zitafika Jumatano.

Beba flashi za kutosha. Mwenyekiti wa kwaya atataka kipande cha kwaya peke yake, wimbo mzima, bila binti, bila mmisionari na bila Sultani. Mpe usiku huo huo. Ndicho kitakachochezwa kwenye kila harusi ya parokia mpaka Desemba.